Nusu marathoni katika joto na unyevu: mambo ya kuzingatia kwa mkimbiaji anayeshuka pwani

Mbio za barabarani zimekuwa sehemu ya maisha ya miji yetu, na wapo wakimbiaji wa nchi za Maziwa Makuu wanaofunga safari kwenda kukimbia Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar. Wengi wao si wanariadha wa kulipwa. Ni walimu, wanafunzi, wafanyabiashara na watumishi wa ofisi waliojifua kwa miezi kadhaa katika hewa ya ubaridi ya nyanda za juu. Nusu marathoni ina urefu wa kilomita 21.0975 popote inapokimbiwa, lakini mwili hauupokei umbali huo kwa namna moja kila mahali.

Makala haya yanaeleza kinachoupata mwili unapokimbia umbali huo penye joto na unyevu mwingi, namna ya kujiandaa, na hatua za kuchukua mkimbiaji anapozidiwa. Jambo la msingi ni hili: pwani, hatari haitoki kwenye jua peke yake. Inatoka pia kwenye hewa iliyokwisha kujaa maji, ambayo haina nafasi ya kupokea jasho. Anayelielewa hilo hupunguza mwendo mapema, kabla mwili haujamlazimisha.

Joto la mkimbiaji linatoka wapi?

Misuli ya binadamu inafanana na injini ya gari: ni sehemu ndogo tu ya nishati yake inayogeuka kuwa mwendo. Takriban robo ya nishati humsogeza mkimbiaji mbele, na iliyobaki hugeuka kuwa joto ambalo sharti litolewe nje ya mwili.

Mtu mwenye uzito wa kilo 60 hutumia takriban kilokalori 60 kwa kila kilomita anayokimbia, na kati ya hizo 45 au zaidi huwa joto. Ili mwili wa uzito huo upande kwa nyuzijoto 1, zinahitajika takriban kilokalori 50. Maana yake ni kwamba lau joto hilo lingefungiwa ndani, kila kilomita ingeupandisha mwili kwa karibu nyuzijoto 1. Mkimbiaji aliyeanza na nyuzijoto 37 angefika kwenye kiwango cha hatari kabla ya kumaliza kilomita 5.

Hilo halitokei kwa kawaida kwa sababu mwili una njia za kujipoza. Damu hulibeba joto kutoka kwenye misuli na kulifikisha kwenye ngozi, na hewa inayopita huliondoa kwa sehemu. Lakini kadiri hewa inavyokaribia joto la ngozi, ambalo ni takriban nyuzijoto 33 hadi 35, ndivyo njia hiyo inavyodhoofika. Hapo tegemeo kubwa linabaki kuwa jasho.

Lita 1 ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580 za joto. Neno la kushika hapa ni "ikikauka". Jasho linalodondoka barabarani, au linaloilowesha fulana hadi ikaweza kukamuliwa, limeupunguzia mwili maji na chumvi bila kuupoza.

Kwa nini kipimajoto peke yake hakitoshi?

Asilimia ya unyevu inayotajwa katika taarifa za hali ya hewa huonyesha kiasi cha mvuke uliomo hewani, ukilinganishwa na kiasi ambacho hewa ingeweza kubeba kwa joto la wakati huo. Kwa kuwa hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi, asilimia hiyo ikisomwa bila kuangalia joto hupotosha.

Chukua mfano wa asubuhi yenye nyuzijoto 16 na unyevu wa asilimia 90, hali isiyo ngeni kwa mkazi wa Kigali. Mkimbiaji hapati taabu kubwa, kwa kuwa hewa hiyo inapoigusa ngozi hupata joto na kufungua nafasi ya kupokea jasho. Unyevu huohuo wa asilimia 90 ukiambatana na nyuzijoto 27 za Mombasa, mambo hubadilika kabisa. Nafasi iliyobaki hewani ni ndogo, na jasho hubaki juu ya ngozi au humwagika.

Kipimo kinachosaidia zaidi ni joto la umande, yaani kiwango cha joto ambacho hewa ikipoa hadi kukifikia huanza kutona matone. Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu hukionyesha. Kikiwa chini ya nyuzijoto 15, wakimbiaji wengi hawaoni tofauti kubwa. Kikipita 20, kazi ya kujipoza inakuwa nzito. Kikifika 24 au zaidi, kama ilivyo kawaida pwani katika miezi ya joto, jasho haliwezi tena kukauka kwa kasi ambayo mkimbiaji mwenye haraka anaihitaji.

Waandaaji wa mashindano makubwa hutumia kipimo kingine kijulikanacho kwa kifupi kama WBGT, kilichobuniwa katika miaka ya 1950 ili kuwalinda wanajeshi wa Marekani waliokuwa mafunzoni. Asilimia 70 ya kipimo hicho hutokana na kipimajoto kilichofungwa utambi wenye maji, asilimia 20 hutokana na tufe jeusi linalopokea jua, na asilimia 10 pekee hutokana na kipimajoto cha kawaida. Mgawanyo huo wenyewe unaonyesha uzito wa unyevu. Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kimewahi kushauri kwamba mbio za barabarani ziahirishwe pale WBGT inapozidi 28.

Mafunzo ya Mombasa na Doha

Tarehe 24 Machi 2007, Mombasa ilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 12, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nusu marathoni. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa mbio hizo ndefu kwa miaka mitano mfululizo, alijitoa katika mzunguko wa mwisho akiwa bado anawania ushindi. Joto na unyevu wa pwani viliwaangusha pia wakimbiaji wengine wengi siku hiyo. Ushindi ulikwenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea, ambaye baadaye, mwaka 2010, aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni ya dakika 58 na sekunde 23 mjini Lisbon.

Miaka 12 baadaye, Doha ilitoa funzo lingine. Ili kulikwepa jua, marathoni ya wanawake ya Mashindano ya Dunia ya Riadha ya 2019 ilianzishwa dakika moja kabla ya usiku wa manane. Jua halikuwepo, lakini hewa ilikuwa na takriban nyuzijoto 32 na unyevu wa zaidi ya asilimia 70. Kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43. Mwezi Januari mwaka huohuo alikuwa amekimbia Dubai kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Ni kweli kwamba mbio za ubingwa hukimbiwa kwa hesabu tofauti na mbio za kusaka muda, lakini pengo la zaidi ya dakika 15 kwa mkimbiaji mmoja katika mwaka mmoja linaeleza mengi kuhusu hali ya hewa.

Muda mfupi baada ya Doha, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kuzihamisha marathoni za Michezo ya Tokyo hadi Sapporo, zaidi ya kilomita 800 kaskazini. Hata huko, mbio za wanawake za Agosti 2021 zilirudishwa nyuma kwa saa moja, zikaanza saa 12 asubuhi badala ya saa 1, kwa kuhofia joto. Peres Jepchirchir wa Kenya alishinda.

Ikiwa mabingwa wa dunia, wenye madaktari na makocha wao, hawakuweza kuilazimisha miili yao, mkimbiaji wa kawaida hana sababu ya kuona haya anapopunguza mwendo. Tena yeye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, ambao ulilinganisha matokeo ya marathoni kadhaa na hali ya hewa ya siku zake, ulionyesha kuwa joto linapoongezeka wakimbiaji wa nyuma hupoteza muda mwingi zaidi kuliko wale wa mbele. Anayemaliza kwa saa mbili na nusu hukaa juani kwa muda unaozidi mara mbili ule wa bingwa.

Mtego wa mkimbiaji wa nyanda za juu

Mkimbiaji anayetoka mahali palipoinuka takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kama Kigali, amezoea hewa ambayo kanieneo yake ni pungufu kwa takriban moja ya sita ikilinganishwa na ile ya pwani. Anaposhuka hadi usawa wa bahari hupata oksijeni zaidi kwa kila pumzi. Miguu inakuwa myepesi, kifua kinafunguka, na kilomita za mwanzo zinapita bila jasho kuonekana kuwa tatizo.

Hapo ndipo mtego ulipo. Faida ya oksijeni huonekana mara moja, ilhali gharama ya joto hukusanyika polepole. Moyo unalazimika kuipeleka damu sehemu mbili kwa wakati mmoja: kwenye misuli inayofanya kazi na kwenye ngozi inayotoa joto. Kadiri maji yanavyopungua mwilini, damu ya kugawanya nayo hupungua, na mapigo ya moyo huongezeka hata kama mwendo haujabadilika. Aliyetumia kasi yake ya nyumbani katika kilomita 8 za mwanzo huligundua kosa kwenye kilomita ya 14, wakati joto lililokwisha kujikusanya haliwezi kuondoka haraka.

Kuuzoesha mwili joto

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Mtu akifanya mazoezi penye joto kila siku, mabadiliko huanza ndani ya siku chache, na sehemu kubwa yake hukamilika kati ya siku 7 na 14. Kiasi cha maji katika damu huongezeka. Jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea katika jasho hilo hupungua. Mapigo ya moyo kwa mwendo uleule hushuka. Faida hiyo si ya kudumu. Hufifia katika majuma machache mtu anaporudi kwenye baridi.

Mwenye nafasi na afike pwani siku 10 hadi 14 kabla ya mbio, aanze na mazoezi mafupi ya taratibu, kisha ayaongeze kidogo kidogo. Asiyeweza kupata muda huo anaweza kuanza kuuzoesha mwili akiwa nyumbani kwa njia zifuatazo:

- Kuhamishia baadhi ya mazoezi mepesi kwenye saa za mchana, badala ya alfajiri pekee.
- Kufanya mazoezi katika maeneo ya chini yenye joto. Nchini Rwanda, tambarare ya Bugarama katika wilaya ya Rusizi ni miongoni mwa sehemu zenye joto zaidi. Nchini Burundi, Bujumbura iliyo kando ya Ziwa Tanganyika ina joto kuliko vilima vya ndani.
- Kuoga maji ya moto baada ya mazoezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor nchini Wales walionyesha kuwa kujizamisha katika maji ya nyuzijoto 40 kwa muda usiozidi dakika 40 baada ya kukimbia, kwa siku 6 mfululizo, kuliwasaidia wakimbiaji kulistahimili joto. Asifanye hivyo mjamzito, mwenye maradhi ya moyo, au mtu aliye peke yake, na atoke mara moja akihisi kizunguzungu.

Kuchagua msimu nako ni sehemu ya maandalizi. Katika pwani ya Tanzania na Kenya, kipindi cha Desemba hadi Machi ndicho chenye joto kali zaidi, na Juni hadi Agosti ndicho chenye nafuu. Anayekimbia mbio ya pwani kwa mara ya kwanza atafanya vyema kuchagua ile inayofanyika katika miezi ya nafuu.

Siku ya mbio: mwendo

Muda uliozoeleka nyumbani uachwe nyumbani. Hakuna hesabu moja inayomfaa kila mtu, lakini mfano ufuatao unaweza kusaidia. Mkimbiaji anayemaliza nusu marathoni kwa saa 2 kamili hutumia dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Akianza pwani kwa dakika 6 na sekunde 5 kwa kilomita, na akauhifadhi mwendo huo hadi mwisho, atamaliza kwa saa 2 na takriban dakika 8. Amepoteza dakika 8. Lakini mwenzake aliyeanza kwa kasi ya nyumbani, kisha akalazimika kutembea kilomita 5 za mwisho, atapoteza zaidi ya hizo, na huenda asimalize.

Kanuni rahisi ni kuigawa mbio katika sehemu tatu. Katika kilomita 7 za mwanzo, mkimbiaji awe na uwezo wa kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Katika kilomita 7 za kati, ausikilize mwili na asiifuate saa. Katika kilomita 7 za mwisho, aongeze mwendo ikiwa tu kichwa ni chepesi, ngozi haisisimki kwa baridi, na hatua zake zimenyooka. Kutembea kwa dakika moja katika kila kituo cha maji kunampa nafasi ya kunywa vizuri na kuupunguzia mwili kazi ya kuzalisha joto.

Kukimbia mapema asubuhi kunasaidia, kwa sababu jua bado ni dhaifu. Hata hivyo, asubuhi ndiyo saa ambayo asilimia ya unyevu huwa juu kabisa, na pwani mara nyingi huzidi 80. Mkimbiaji asidanganyike na kivuli cha alfajiri.

Siku ya mbio: maji na chumvi

Kuna makosa mawili, na yote mawili ni ya hatari. La kwanza ni kutokunywa. La pili, lisilojulikana sana, ni kunywa kupita kiasi. Maji mengi yanayozidi jasho lililotoka huizimua damu hadi kiwango cha sodiamu kikashuka. Ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa. Utafiti uliofanywa katika Marathoni ya Boston ya mwaka 2002 na kuchapishwa mwaka 2005 uliwapima wakimbiaji 488 waliofika mwisho, na asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu huo wa sodiamu. Dalili mojawapo kuu ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio.

Njia ya kati ni kufuata kiu na kuujua mwili wako. Majuma machache kabla ya mbio, jipime uzito bila nguo, kimbia kwa saa moja penye joto, jifute jasho, kisha jipime tena. Kila kilo 1 iliyopungua ni takriban lita 1 ya jasho, ukijumlisha na maji uliyokunywa njiani. Wakimbiaji hutofautiana sana: wapo wanaotoa nusu lita kwa saa, na wapo wanaozidi lita 2. Lengo si kurudisha kila tone. Inatosha kupunguza upungufu, na kamwe usimalize mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza.

Chumvi hupatikana katika chakula cha kawaida cha siku zilizotangulia. Kwa mbio inayozidi saa mbili, kinywaji chenye chumvi na sukari kidogo kinafaa kuliko maji matupu. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu yake ni kidogo, kwa hiyo hayatoshi yakiwa peke yake.

Maji ya kujimwagia kichwani na shingoni huleta nafuu, na barafu ikipatikana iwekwe ndani ya kofia au kushikwa viganjani. Nafuu hiyo isiwe sababu ya kuongeza kasi, kwa kuwa ngozi inaweza kuhisi ubaridi huku joto la ndani likiendelea kupanda.

Mavazi

Nguo iwe nyepesi, ya rangi isiyoiva na isiyobana. Kitambaa kinachopitisha hewa ni bora kuliko pamba nzito inayoshika maji. Wanaovaa hijabu wachague kitambaa chembamba cha michezo, na wakijaribu mazoezini kabla ya siku yenyewe. Mafuta mazito ya mgando yatumiwe tu sehemu zinazochubuka, wala yasipakwe mwili mzima. Historia ina onyo lake: Francisco Lázaro wa Ureno alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 na kufariki siku iliyofuata. Inaelezwa kwamba alikuwa amejipaka nta ili kujikinga na jua, na nta hiyo ikauzuia mwili kujipoza.

Nani aahirishe?

Ada ya kujiandikisha hulipwa tena, uhai haulipwi. Mtu asikimbie penye joto ikiwa ametoka kuugua malaria, ana homa ya aina yoyote, au anaharisha. Anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, au baadhi ya dawa za mzio, azungumze kwanza na daktari. Kukosa usingizi na pombe ya usiku uliotangulia pia huongeza hatari.

Tabia ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ili kuzuia maumivu iachwe. Dawa hizo huongeza mzigo kwenye figo ambazo tayari zinapokea damu pungufu kutokana na joto na upungufu wa maji.

Mkimbiaji akianguka: poza kwanza, safirisha baadaye

Ni muhimu kutofautisha hali mbili. Ya kwanza ni uchovu wa joto. Mkimbiaji ana kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu, lakini akili yake ni timamu. Anajua jina lake, mahali alipo na siku ya leo. Apelekwe kivulini, alazwe, miguu iinuliwe, apozwe kwa maji, na apewe kinywaji taratibu.

Ya pili ni kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili limepita takriban nyuzijoto 40 na ubongo umeanza kuathirika. Mkimbiaji anayumba, anaropoka, anakuwa mkali bila sababu, hajui aendako, anazimia au anapata degedege. Wengi hudhani kwamba mtu wa namna hii lazima awe na ngozi kavu. Si kweli, aliyezidiwa akiwa mbioni mara nyingi bado ametota jasho. Kumgusa paji la uso hakutoshi, na vipimajoto vya paji la uso au kwapani hutoa majibu ya kupotosha. Kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa, nacho kifanywe na mhudumu wa afya. Kisipokuwepo, kuvurugika kwa akili kwa mtu anayekimbia penye joto kunatosha kuchukua hatua.

Hatua hizo ni hizi:

- Omba msaada na gari la wagonjwa, lakini usisubiri lifike ndipo uanze kumpoza.
- Mzamishe hadi shingoni katika beseni kubwa au pipa la maji baridi yenye barafu, mtu mmoja akikishika kichwa chake kisizame, na maji yakikorogwa.
- Pasipo na beseni, mlaze juu ya turubai, watu kadhaa waziinue kingo zake, kisha mimina maji na barafu ndani.
- Pasipo na barafu, mmwagie maji mfululizo, mfunike kwa taulo au kanga zilizoloweshwa na kuzibadilisha kila zinapopata joto, huku mkimpepea.
- Endeleeni hadi joto la ndani lishuke karibu na nyuzijoto 39. Pasipo na kipimo, mpozeni kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kumsafirisha.
- Usimpe kinywaji asiye na fahamu timamu. Dawa za kushusha homa hazisaidii, kwa sababu joto hili halitokani na homa.

Lengo ni kulishusha joto ndani ya dakika 30 tangu kuanguka. Muda huo unaweza kumalizika katika foleni ya magari kuelekea hospitali. Thamani ya kupoza papo hapo imethibitishwa katika mbio za Falmouth, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambazo ni za takriban kilomita 11 na hukimbiwa mwezi Agosti. Katika kipindi cha miaka 18, wahudumu wake waliwatibu wakimbiaji 274 wenye kiharusi cha joto kwa kuwazamisha katika maji baridi mara moja. Wote walinusurika.

Maswali ya kuwauliza waandaaji

Mkimbiaji ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Mbio zinaanza saa ngapi? Vituo vya maji viko umbali gani kutoka kimoja hadi kingine, na je, maji yatabaki kwa wale wa nyuma? Kwenye mstari wa kumalizia kuna beseni na barafu, au kuna gari la wagonjwa tu? Nani mwenye mamlaka ya kufupisha au kuahirisha mbio hali ya hewa ikichacha? Kwa mbio inayofanyika penye joto, beseni la maji na magunia machache ya barafu ni vifaa vya bei nafuu kuliko medali.

Wanaosafiri kwa kundi wapatane mapema: kila mtu awe na mwenzake wa kumwangalia, na mwenzake akimwambia asimame, asimame bila ubishi. Ubongo uliopata joto ndio wa kwanza kushindwa kujitambua kuwa umepata joto, na ndiyo maana uamuzi huo hauwezi kuachiwa aliyezidiwa peke yake.